Mwaka wa Daraja

Baba yangu alikuwa mwalimu wa historia huko Likasi, Katanga, kabla ya kuwa mtu wa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette. Alitangulia yeye Ubelgiji. Mimi nilimfuata nikiwa na miaka kumi na mitano, baada ya mama kufariki. Tulikaa wawili katika fleti ya ghorofa ya tatu kule Evere, yenye jiko dogo, meza moja, na dirisha linalotazama kituo cha basi. Aliniita maman, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na nilizoea kuitika hivyo tangu utotoni. Kiswahili ninachoandikia hapa nilikipata vitabuni. Cha nyumbani kilikuwa kile chake, cha Katanga, ambacho hakimalizi sentensi bila kuchukua neno moja la Kifaransa njiani.

Nilitaka kuwa wakili, au avocat kama baba alivyozoea kusema. Karatasi zangu za kuja huku zilikwama zaidi ya mara moja, na aliyezikwamua alikuwa wakili mmoja mwanamke ambaye baba alimpata kupitia watu wa parokia. Nilipofika nilipelekwa kumsalimia. Alinipa mkono, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kama safari ilikuwa ngumu, kisha akangoja jibu langu mpaka nikalimaliza. Nilikuwa sijazoea mtu mzima anisikilize mpaka mwisho. Nilitoka pale nimeshaamua. Ndani ya tramu nilimwambia baba, naye akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Katika nchi hii mtu hasomi kwanza shahada nyingine ndipo aombe kusoma sheria. Anatoka sekondari na kuingia moja kwa moja, na mlango uko wazi: ukiwa na cheti, unajiandikisha. Ugumu uko ndani. Chuo kikuu ni miaka mitano, na wengi huanguka mwaka wa kwanza. Pembeni yake kuna shule za juu za miaka mitatu, ndogo, za kufundisha kazi, na baadhi zina kozi ya sheria. Anayemaliza huko anakuwa msaidizi katika ofisi ya wakili, au benki, au mahakamani. Joho la wakili halivai. Akilitaka, inabidi aombe kuvuka kwenda chuo kikuu, na hapo ndipo wanapoangalia alikotoka na kuamua kama wanamtaka, na kama wanamtaka, watamwongezea masomo gani. Kuvuka huko wanakuita passerelle, yaani daraja dogo la waenda kwa miguu.

Nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, chuo kikuu kilifungua madarasa yake wakati wa likizo ili wanafunzi waje kusikiliza. Baba aliomba ruhusa kazini, akavaa suti yake ya kijivu na tai, tukaenda pamoja. Alikuwa mzazi pekee katika ukumbi ule. Tulikaa safu ya nyuma kabisa, juu, na profesa alikuwa mbali sana chini, sauti yake ikitoka kwenye vipaza sauti vya ukutani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kila neno nililielewa. Sentensi zilinipita. Kote kuzunguka nilisikia vidole vikigonga kompyuta kama mvua, na nikawaza kwamba nikianguka hapa hakuna atakayejua hata kwamba nilikuwepo. Nilipomgeukia baba, alikuwa ameinama juu ya karatasi yake anaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nifike Ubelgiji. Ndiyo maana sikumwambia kitu siku ile.

Wiki iliyofuata nilikwenda peke yangu kutembelea shule moja ndogo. Mwalimu wa sheria za madai, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, alikuwa amesimama mlangoni anapokea wageni. Aliniuliza jina langu. Akalirudia vibaya, akaomba nilitamke tena, akalirudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Kisha akaniuliza swali: kama jirani yako amekata mti wako ulioinamia bustani yake, nani mwenye makosa? Nilijibu upuuzi fulani. Alisema jibu langu lilikuwa na kitu ndani yake, tukakaa pale tukalichambua mpaka wageni wengine wakaanza kukohoa nyuma yangu.

Nilimwambia baba jioni, tukiwa mezani, mbele ya bukari, ndio ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo.

"Papa, nimechagua ile shule ndogo."

Alimega bukari, akaliviringa tonge polepole bila kulichovya. "Ile ya miaka tatu?"

"Ile."

"Juu ya nini?"

Nilimweleza yote: ukumbi, vipaza sauti, vile vidole. Nilisema naogopa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Bon," akasema mwishowe. "Weye njo utasoma, hapana miye. Lakini unajua kama kule haiko mulango ya kuwa avocat?"

"Kuna passerelle."

"Passerelle," alirudia, kama mtu anayepima neno kwenye mkono wake. Alikula, akaosha sahani ingawa ilikuwa zamu yangu, na ile karatasi aliyoandika siku ya ukumbini akaikunja na kuiweka ndani ya kamusi.

Jumapili moja baada ya misa, tonton mmoja, mzee tuliyemwita mjomba kwa heshima tu, ambaye parokiani alipenda kushauri familia za watu alisema mbele ya kila mtu kwamba shule zile zinatoa makarani, na kwamba ni masikitiko mtoto mwenye akili kupelekwa huko. Nilisubiri baba akubaliane naye, kwa kuwa nilijua moyoni alikubaliana naye. Baba alisema tu kwamba mtoto wake anajua kusoma na anajua kuchagua. Kisha akanishika bega tukaondoka, na njiani akaongea habari za mvua.

Miaka ile mitatu ilikuwa mizuri. Darasani tulikuwa wachache kiasi kwamba ukikosa kuja, mtu anakupigia simu. Mwalimu wa nywele nyeupe alisahihisha kazi zangu kwa kalamu ya kijani, na pembeni ya aya nilizojivunia zaidi aliandika: "Nani amekuambia?" Alitaka kila sentensi iwe na mahali ilipotoka. Nilimkasirikia mwaka wa kwanza wote. Mwaka wa pili nilijikuta nikijiuliza swali lile mwenyewe kabla hajaniuliza.

Mwaka wa tatu ulikuwa na mazoezi ya kazi, nami nikapangiwa ofisi ya wakili mmoja aliyeshughulika na mambo ya nyumba. Asubuhi nyingi tulikuwa katika mahakama ya mtaa, ile ambayo hakimu wake husikiliza ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Siku moja tulikuwa na mteja kutoka Kolwezi, kwetu Katanga, mama wa watoto wadogo. Alikuwa amehama kabla ya mkataba kwisha kwa sababu kuta zilikuwa na ukungu mweusi na mtoto wake hakuacha kukohoa. Kesi yake ilisikilizwa haraka. Wakili alisema yake, wa upande wa pili akasema yake, hakimu akauliza kitu, akaandika, akaita wengine. Yule mama alitoka mle akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na wakili alikuwa ameshakimbilia chumba kingine.

"Balisema nini?" akaniuliza.

Tulikaa kwenye benchi la korido nikamweleza. Nilimwambia hakimu anataka mtu wa kwenda kuitazama ile nyumba kabla ya kuamua, na kwamba hilo ni jambo jema kwake. Aliuliza maswali mazuri, ya mtu anayefikiri: je, mwenye nyumba akipaka rangi kabla ya huyo mtu kufika? Je, picha alizopiga kwa simu zinasaidia? Nilijibu niliyoyajua, na nisiyoyajua niliyaandika ili nimuulize wakili. Mwishoni alinitazama vizuri.

"Na weye, utakuwa avocat?"

Nikamwambia hapana, masomo yangu yanaishia kwenye kuwa msaidizi.

"Ah," akasema, bila ubaya wowote. "Sasa nani atatuelezaka?"

Siku iliyofuata nilimwendea mwalimu wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi, lakini nilipotaja passerelle alivuta kiti akaniambia amekuwa akingoja nilitaje. Halafu akanieleza mambo kama yalivyo, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

"Wataangalia shule uliyotoka kabla ya kuangalia alama zako," alisema. "Alama za juu kutoka kwetu hawazisomi kama wanavyosoma alama za juu kutoka kwao. Hawatuchukii. Hawatujui tu. Kwa hiyo tutawaambia wewe ni nani."

Alinisaidia kupanga maombi ya vyuo viwili. Barua yake ya kunipendekeza alinisomea mwenyewe kwa sauti, na ndani yake alieleza kwa kirefu jinsi nilivyokuwa nikikasirika na kalamu yake ya kijani. Nilimwambia hilo litaniharibia. Akasema barua zote zinasema mwanafunzi ni hodari, na msomaji hazikumbuki.

Chuo cha kwanza kilijibu kwa adabu kwamba hakiwezi kunipokea kwa njia ya daraja, lakini naweza, nikipenda, kuanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari. Yaani kana kwamba miaka mitatu haikuwepo. Nilipata jibu hilo nikiwa kazini. Nilikuwa nikifanya kazi ya likizo kwa familia moja ya Uccle, kuwatazama watoto wao mchana. Nilijikaza mpaka mama yao aliporudi. Katika safari nzima ya kurudi Evere, tramu kisha basi, nilikaa dirishani nikifikiria ule ukumbi. Kama ningevumilia vile vipaza sauti, saa hizi ningekuwa nimeshavuka bila kumwomba mtu.

Baba alikuwa barazani, ile baraza nyembamba ya ghorofani yenye nafasi ya viti viwili tu, anachambua maharage. Aliniona usoni, akasogeza bakuli nikakaa. Nikamwambia.

"Kama ningeenda université tangu mwanzo," nikasema.

"Ungeanguka, pengine. Ama ungepita. Mi sijue." Aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Alipomaliza sekondari, yeye pia aliomba sheria. Siku zile serikali ndiyo iliyopanga nani asome nini na wapi. Majina yakabandikwa, akalitafuta lake upande wa sheria, hakuliona, na rafiki yake mmoja ndiye aliyelikuta upande wa historia, katika chuo cha walimu.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Siku mingi. Kisha nikaingia darasa, batoto bakanitazama, nikaanza kubaeleza." Akaokota jiwe jingine. "Maman, nilipendaka ile kazi. Nisikudanganye. Nilipendaka sana."

Tulikaa pale mpaka maharage yakaisha. Sikumwona kama mtu aliyekosa kitu. Nilimwona kama mtu aliyekipata kitu kisha akakiacha nyuma, ili mimi nije kukaa kwenye kiti hiki na kulalamika. Hakulisema hilo, wala hakulidokeza, lakini niliingia ndani kupika bila kuambiwa.

Chuo cha pili, kile kile cha ule ukumbi, kiliniita kwa mahojiano. Aliyenipokea alikuwa mwanamume mpole mwenye sweta iliyotoboka kwenye kiwiko. Alikuwa na barua ya mwalimu wangu mbele yake. Aliniambia wazi kwamba alama zangu ni nzuri lakini hajui uzito wake. Akasema shule yangu inafundisha namna ya kutumia sheria, na wao wanafundisha pia sheria ilikotoka, na kwamba mtu asiye na msingi huo huumia mbele. Aliuliza kama niko tayari kwa mwaka mzima wa masomo ya kuongezea kabla ya kuanza shahada yenyewe ya juu: historia ya sheria, sheria ya Kirumi, falsafa, na mengine. Nikasema niko tayari. Aliuliza kama kweli mwalimu aliniandikia "Nani amekuambia?" pembeni ya kila kitu. Nikasema karibu kila kitu. Alicheka kidogo. Nilikubaliwa.

Kwa hiyo niliingia katika ule ukumbi mkubwa kwa mara ya pili, nikiwa mkubwa kuliko wengi waliokaa karibu nami. Wale wa umri wangu walikuwa mbele, katika shahada ya juu, na walijuana wote tangu mwaka wa kwanza. Walikuwa watu wazuri. Waliniuliza nilikosomea miaka mitatu, nikawatajia, na kila mara palikuwa na kimya kidogo kabla hawajasema "Ah, oui," yaani ndiyo. Sikuwalaumu kwa kile kimya. Lakini nilianza kukingoja, na kungoja kitu kama kile kunachosha. Nikaacha kula katika ukumbi wa chakula, nikawa nakula mkate wangu ndani ya basi.

Mwanzo wa baridi ile baba aliumia mgongo. Aliinama kuzungusha kitanda kwenye kona ya lifti, na hakuinuka. Daktari akampa mapumziko marefu, na akamwambia huenda asirudi tena kwenye kusukuma. Mtu ambaye maisha yake yote huku alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua sasa alikuwa amekaa mchana kutwa kwenye kiti chenye mto, anatazama kituo cha basi. Alipunguza kuongea. Nikirudi nilikuta radio imezimwa. Nilijaribu kumpikia anavyopenda, akala kidogo, akashukuru kama mgeni. Hiyo asante yake ilinitisha kuliko ukimya.

Siku moja nilikuwa mezani na kitabu cha historia ya sheria, nimekwama. Mada ilikuwa jinsi desturi za miji ya zamani ya huku Ulaya zilivyokusanywa na kuandikwa kwa amri ya mfalme. Nilikuwa nimesoma kurasa zile mara kadhaa na sikuona zina maana gani kwa yeyote. Nilisema, kwa kujiongelesha tu, kwamba sielewi kwa nini watu walihangaika kuandika kitu ambacho kila mtu alikijua.

"Soma kwa sauti," baba akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nikasoma. Alinisimamisha. Akaniambia nirudie sentensi moja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi: aliinuka bila kuniomba mkono, akaja mezani akishikilia ukuta, akavuta chumvi, sukari na vijiko.

"Hapa kuko mufalme," akasema, akiweka sukari katikati. "Hapa kuko bazee ya muji." Vijiko. "Mufalme anatuma muntu na karatasi. Anauliza bazee: desturi yenu ni gani? Sasa uniambie, bale bazee batajibu nini?"

"Watasema ukweli."

"Ukweli ya nani?"

Akanieleza kwamba babu yake aliyaona haya kwa macho yake. Mzungu wa serikali alifika kijijini na karani, akawaketisha wazee, akawauliza habari za urithi. Wazee wakatazamana. Mmoja wao alikuwa na ugomvi na mpwa wake wakati ule, na yeye ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa zaidi. Karani akaandika. Tangu siku ile, jibu la mzee mwenye ugomvi likawa sheria ya kijiji, na hata wapwa waliozaliwa baadaye walipimwa kwalo. Zamani wangekaa, wangebishana, wangepata njia ya kumwokoa kila mtu. Sasa palikuwa na karatasi.

"Donc," akasema, na alilisema lile neno, yaani basi, kama mwalimu, kidole juu, "ukiandika desturi, unachagua. Ule mwenye kushika kalamu, na ule mwenye kusema nguvu. Andika ile kwa kitabu yako."

Niliandika. Nilipoinua macho nilimwona amesimama wima upande wa pili wa meza, kamusi aliyoiokota mezani iko kiganjani, mgongo ameusahau. Huyu mtu mimi sikuwahi kumjua. Wanafunzi wa Likasi walimjua. Nilikuwa mdogo mno wakati ule, na nilipokuja huku alikuwa ameshavaa sare ya hospitali. Nilijifanya sijaelewa kitu kingine, ili aendelee.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa darasa. Hakuruhusu nile nikisoma. Mchana, nikiwa chuoni, alisoma kurasa za mbele ili anisubiri nazo, na nikirudi nilisikia tangu ngazini kwamba radio inaongea tena. Sheria ya Kirumi ilimshinda kama ilivyonishinda mimi, tuliigombeza pamoja. Falsafa aliipenda kwa sababu iliruhusu kubishana. Palikuwa na mwanafikra mmoja ambaye baba alimchukia kabisa, na alimsema vibaya hata akiwa anamenya viazi, kama jirani wa ghorofa ya chini.

Nilianguka sheria ya Kirumi, nikairudia mwezi wa nane. Historia ya sheria ilikuwa mtihani wa kuongea, ana kwa ana na profesa, na nikaangukia swali la desturi zilizoandikwa. Nilieleza kama kitabu kilivyosema. Kisha nikaeleza habari ya mzee na mpwa wake. Profesa, mama mwembamba aliyekuwa akitazama saa, aliacha kutazama saa. Aliuliza kisa kile kinatoka wapi. Ilinijia sauti ya kalamu ya kijani. Nikasema: "Kwa baba yangu, ambaye alikisikia kwa babu yake. Yeye ni mwalimu wa historia."

Nilisema "ni". Sikusema "alikuwa". Profesa aliandika kitu, akaniuliza maswali mengine mawili matatu, na muda wangu ulipita bila mmoja wetu kujali.

Nilipomwambia baba, alitaka nirudie maneno yangu yote, kisha ya profesa yote. Aliuliza kama nilitaja kwamba karani naye alikuwa na sehemu yake katika makosa yale. Nikakiri nilisahau. Alitikisa kichwa akasema wakati mwingine nisimsahau karani.

Mwaka ule ndio niliolipa kwa kuchagua shule ndogo. Wenzangu walioingia chuo kikuu moja kwa moja walikuwa wamenitangulia mwaka mzima, na wengine walishaanza kutafuta ofisi za kufanyia mazoezi wakati mimi nilikuwa nakariri habari za watumwa wa Roma. Hilo ni kweli na silipunguzi. Lakini nikiulizwa ni mwaka gani wa maisha yangu ningependa nipewe tena, nitautaja huo bila kufikiri.

Hospitali haikumrudisha baba kwenye vitanda. Ilimweka kwenye meza ya mlangoni, kuwaelekeza watu. Alisema ni kazi nzuri, watu wanafika na hofu na wewe unawaambia ghorofa ya ngapi. Mimi nilimaliza shahada ya juu, nikaapa pamoja na wengine katika lile jengo kubwa la mahakama. Mwalimu wangu wa nywele nyeupe alikuja. Yeye na baba walikuwa hawajawahi kuonana. Walisalimiana kwa mikono wakasahau kuiachia, na kwa muda nilisimama pembeni yao nikiwa na joho langu jipya, bila mtu wa kunitazama.

"Madame," baba alimwambia kwa Kifaransa chake cha darasani, "mimi nilitaka aende chuo kikuu."

"Hata mimi ningetaka, kama angekuwa wangu," akajibu. "Lakini nafurahi alikuja kwetu."

Kutafuta ofisi hakukuwa rahisi. Katika ofisi kadhaa waliniuliza habari za ile miaka mitatu ya mwanzo, na niliona macho yakiteremka kwenye mstari ule wa wasifu wangu na kubaki hapo. Ofisi iliyonichukua ni ndogo, ya mawakili watatu, na inahusika na wapangaji. Hawakuuliza habari za shule. Waliuliza kama naweza kukaa koridoni na mteja baada ya kesi.

Majuzi, baada ya misa, mama mmoja alinijia na binti yake anayemaliza sekondari. Binti anataka sheria. Mama alikuwa amesikia kwamba mimi nilipitia shule ndogo, na alitaka nimwambie mwanawe kama inafaa. Nilijaribu kuwa mkweli. Nilisema kama una hakika unataka joho, njia ya chuo kikuu ni fupi na hakuna atakayekuuliza maswali baadaye. Nilisema shule ndogo itakujua kwa jina, na kwamba daraja lipo lakini lina mlinzi, na mlinzi anaweza kukukatalia. Nilisema pia aende akakae katika madarasa yote mawili kabla ya kuandika jina popote, na asiende peke yake.

Mama aliitikia kila neno kwa kichwa. Binti alikuwa ametazama viatu vyake wakati wote. Ndipo akainua uso akauliza, kwa sauti ndogo, kama kule kwenye shule ndogo walimu wanakasirika mtu akiuliza kitu mara mbili.

Nikamwambia hapana, hawakasiriki.

"Na kule kwengine?"

"Kule kwengine inabidi ushuke mpaka safu ya mbele ndipo wakusikie," nikasema. "Lakini ukishuka, wanasikia."

Alifikiria hilo. Mama yake alikuwa ameshaanza kutafuta kadi ya basi kwenye mkoba, mvua ilikuwa inakuja, na sisi watatu tukatembea pamoja kuelekea kituoni, binti akiwa katikati, akiniuliza sasa kama safu ya mbele huwa inajaa mapema.